Tereza Apeleka Kuni Msibani

Ukiteremka kutoka Pasiansi kwa njia ya ziwani, ukaziacha nyumba za watu wenye mageti, utafika mwalo wa Nyasaungu, pale wavuvi wanaposhushia samaki wao. Huna haja ya kumuuliza mtu kama umefika, maana harufu ya dagaa itakupokea kabla ya wenyeji. Hapo ndipo anapokaa Tereza, mama wa Rose, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kumwita mvuvi aliye katikati ya maji akageuka. Hana cheo chochote. Hajawahi kuwa hata mweka hazina wa kikundi. Lakini ukiuliza ni nani aliyewakalisha pamoja watu wa maturubai na watu wa mtaa, wakala sufuria moja na kufanya kazi moja, watakuonyesha mlango wake bila kufikiri.

Tereza hakuzaliwa Nyasaungu. Alizaliwa Nabuhinda, kisiwa kidogo upande wa Ukerewe, kidogo kiasi kwamba mtu akikohoa upande mmoja anapewa pole upande wa pili. Huko aliolewa, huko alizaa, huko alimzika mume wake, na huko alianika dagaa tangu usichana wake. Kisha ziwa likaanza kupanda. Mwanzoni watu walilifanyia mzaha, wakasema maji yamekuja kusalimia. Maji yakaingia vyooni, yakaingia jikoni, yakaja yakakaa chini ya vitanda. Mwaka uliofuata makaburi ya ufukweni yakaanza kumomonyoka, na hapo hakuna aliyecheka tena. Watu wa Nabuhinda wakapakia magodoro, sufuria na kuku kwenye mitumbwi, wakavuka hadi Nyasaungu, mahali walipozoea kuuza dagaa wao.

Nyasaungu waliwapokea vizuri, na hilo lisemwe mapema, maana baadaye maneno yalikuwa mengi. Walipikiwa uji wa kwanza na wa pili. Walipewa uwanja wa mpira wote, goli kwa goli, na vijana wa mtaa wakanuna kidogo tu. Baada ya majuma machache likaja shirika la kutoka nje, lenye ofisi mjini Nyamagana, likaleta maturubai, unga, maharage na tangi kubwa la maji.

Shirika hilo lilikuwa na tabia moja ya ajabu: lilikuwa na mifuko miwili isiyosalimiana. Mfuko wa kwanza uliitwa msaada wa dharura, na aliyeushika alikuwa kijana mpole aitwaye Pius. Mfuko wa pili uliitwa maendeleo, na wenyewe ulikuwa mikononi mwa Hellen, mwanamke wa maneno machache na kofia kubwa ya jua. Pius na Hellen walikaa ghorofa moja, milango ikitazamana, wakinywa chai ya chupa moja. Lakini unga wa Pius ulikuwa wa watu waliohamishwa na ziwa tu. Na vichanja vya Hellen, zile meza ndefu za wavu za kuanikia dagaa ili wasiguse mchanga, vilikuwa vya wakazi tu. Tangi la Pius lilikuwa na kufuli, na mama wa Nyasaungu aliyekuja na ndoo yake aliambiwa maji hayo hayakuletwa kwa ajili yake, arudi ziwani. Tereza naye alipokwenda kwenye vichanja asubuhi moja, akanyoosha mkono kugeuza dagaa waliokuwa wanaanza kukauka upande mmoja, msimamizi alimshika bega kwa heshima na kumwambia, "Pole mama, hii si kazi yako. Wewe nenda kapumzike."

Kapumzike! Mwanamke mzima mwenye nguvu zake, aliyelala usiku kucha, akapumzike kutoka kwenye nini? Tereza alirudi kwenye turubai lake akakaa juu ya gunia la unga aliopewa bure, akauchukia unga ule kwa moyo wake wote.

Hata hivyo habari za mifuko zingevumilika. Kilichomuuma Tereza kuliko yote hakikuletwa na shirika lolote. Kilikuwa filimbi.

Nyasaungu, kama sehemu nyingi za Usukumani, mtu akifa hazikwi na ndugu zake peke yao. Kuna chama cha kuzikana. Msiba ukitokea, mpiga filimbi anazunguka mtaa mzima, na kila nyumba inayomsikia inajua wajibu wake: mzigo wa kuni, ndoo ya maji, bakuli la unga, wanawake wa kupika na wanaume wa kuchimba. Hakuna kusema leo nina shughuli. Asiyetokea anatozwa faini, kuku kama amekosa kidogo, mbuzi kama amekosa sana. Akizidi kuwa mkaidi, anatengwa. Na kutengwa hakuna kelele. Hakuna anayemtukana mtu huyo wala kumrushia jiwe. Filimbi inapokaribia mlango wake inanyamaza, inapita, inaanza kulia tena kwa jirani. Haombwi kuni, haombwi maji. Anaachwa akae na kazi zake, akijua kwamba siku yake ikifika atatafuta namna ya kujizika mwenyewe.

Kisiwani Nabuhinda mila ilikuwa hiyohiyo, isipokuwa wao walitumia ngoma.

Basi siku ulipotokea msiba wa kwanza tangu wafike, Tereza alisikia filimbi inakuja kutoka upande wa kanisani. Akainuka, akafunga kanga kiunoni, akachukua ndoo, akawaambia wenzake waamke, kazi imefika. Filimbi ikakaribia uwanja wa mpira. Ikanyamaza. Wakamwona mpiga filimbi anapita pembeni mwa maturubai, filimbi kaiweka mfukoni, anatembea kwa kunyata kama mtu anayepita chumba cha mgonjwa. Alipofika nyumba za upande wa pili akaitoa, akapuliza. Tereza akabaki amesimama na ndoo yake mkononi. Msiba wa pili ulipotokea ikawa vilevile, na wa tatu vilevile.

"Wametutenga," aliwaambia wenzake.

Kila mtu alikuwa na sababu yake. Mmoja alisema ni kufuli la tangi. Mwingine alisema ni uwanja wa mpira. Mwingine alimkumbuka mbuzi wa mtu aliyepigwa jiwe na mtoto wa Nabuhinda. Tangu hapo watu wa maturubai wakawa wanapita mtaani vichwa chini, salamu zao wakizimeza nusu. Na watu wa Nyasaungu walipoviona vile vichwa vimeinama wakasema, tazama wageni hawa wanavyoringa, wanalishwa bure halafu hata shikamoo hawatoi vizuri. Hivyo ndivyo watu wema wanavyoweza kuharibiana maisha bila hata mmoja kumtakia mwenzake mabaya.

Kisha Pius akaja siku moja na uso uliolegea. Aliwakusanya watu wa maturubai akawaambia kwamba mfuko wa dharura unaisha. Masika yakipita yatakuja malori, yawapeleke bara, mbali na Mwanza, kwenye viwanja vilivyopimwa katika nchi ya pamba. Kila familia itapata kiwanja na mabati.

"Huko kuna ziwa?" Tereza aliuliza.

"Kuna kisima kirefu, mama. Maji yake matamu kabisa."

"Sijauliza maji ya kunywa, mwanangu. Nimeuliza ziwa."

Pius alitazama viatu vyake. Yeye mwenyewe alikuwa mtoto wa wavuvi, alikuwa anajua anaulizwa nini.

Tereza hakuijua pamba. Hakuwahi kushika jembe zaidi ya kulimia mihogo nyuma ya nyumba. Ukimtoa Tereza ziwani ni sawa na kumwambia fundi seremala kuanzia leo wewe ni mwimbaji wa kwaya. Labda atajifunza, lakini maisha aliyoyajenga yamekwisha. Na Rose, binti yake, ambaye alikuwa ameanza kuzishika kazi za mwalo vizuri kuliko yeye, angeanza na nini huko?

Hakulia mbele za watu. Alimfuata Hellen, ambaye siku hiyo alikuwa anakagua vichanja vyake, akamsimamia mbele bila kuzunguka.

"Dada Hellen, shirika lenu ni moja au ni mawili?"

Hellen alivua kofia. "Ni moja, mama Rose. Na swali hilo tumewauliza wakubwa wetu mpaka wametuchoka."

"Wamejibu nini?"

"Wamekubali mifuko iunganishwe. Vichanja viwe vya wote, tangi liwe la wote, na ninyi mbaki hapa mkifanya kazi badala ya kugawiwa unga. Lakini wameweka sharti. Mkutano wa mtaa lazima useme kwa kinywa chake kwamba ninyi ni wakazi wa Nyasaungu. Sisi hatuwezi kuwasemea. Mtaa ukisema, malori hayaji. Mtaa ukinyamaza, yanakuja."

"Na mkutano ni lini?"

"Mwisho wa mwezi huu."

Tereza alishukuru, akaondoka. Mtu aliyetengwa aende akaombe aitwe mkazi! Angeanzaje? Angempigia nani hodi? Chama cha kuzikana kilikuwa chini ya Mama Chenge, mwanamke mfupi, mnene, mwenye ulimi ambao hata mwenyekiti wa mtaa aliuogopa, na Tereza hakuwa amezungumza naye zaidi ya shikamoo na marahaba.

Siku chache baadaye akafariki Mzee Mayala, fundi wa mitumbwi. Hakuna mtu wa ziwani asiyemjua Mzee Mayala. Mitumbwi ya Nabuhinda nusu yake ilipita mikononi mwake, na mume wa Tereza alipokuwa hai alikuwa akimwita mwalimu. Filimbi ililia asubuhi, jua likiwa ndiyo kwanza linapanda. Ilikuja mpaka uwanja wa mpira, ikanyamaza, ikapita.

Safari hii Tereza hakubaki na ndoo mkononi. Alishikwa na hasira, ile hasira safi inayompa mtu akili badala ya kumnyang'anya.

"Sasa basi," alisema. "Mzee Mayala alitengeneza mtumbwi wetu. Wasipotuita wasituite. Tunakwenda."

"Na kuni tutatoa wapi?" wenzake waliuliza. Ni kweli, uwanjani hapakuwa na kijiti. Walipikia mkaa wa shirika, na msibani huendi na kikapu cha mkaa wa msaada ukajiita jirani.

Tereza aliangalia ufukweni. Mtumbwi wa marehemu mume wake ulikuwa umelala pale ubavu, ule uliowavusha kutoka kisiwani. Ulikuwa umeanza kupasuka huku na huku, lakini bado ulikuwa mtumbwi. Aliazima shoka kwa wavuvi, akaenda, akainua.

"Mama!" Rose alipiga kelele. "Tukitaka kurudi je?"

"Kurudi wapi, Rose? Chini ya maji?"

Akashusha shoka. Pigo la kwanza lilimuuma, na hakuona aibu kulia, alilia waziwazi huku anapasua. Pigo la pili lilikuwa afadhali. La tatu na la nne hata hakuyasikia, maana wenzake walikuwa wameshaleta mapanga na nyundo, wanasaidia. Mbao za chini zilizopakwa lami waliziweka kando, kwa kuwa zingetia moshi na harufu kwenye ugali wa watu. Zile za ndani, kavu na safi, walizifunga mizigo mizuri. Wanaume wa Nabuhinda waliona wake zao wanafunga mizigo, wakatazamana, wakaenda kutafuta majembe.

Kule msibani watu walikuwa wamekaa kwenye viti vya kukodi na chini ya turubai, wanawake wakishughulika na mafiga. Mara wakauona mstari unakuja kutoka uwanja wa mpira: wanawake wa Nabuhinda wote na kuni vichwani, Tereza mbele, na nyuma yao wanaume wenye majembe begani. Mtu mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Wageni hao, wamekasirika nini?"

Mama Chenge alitoka jikoni mbio, mwiko bado mkononi. "Mayu! Mayu wangu, mama yangu, nani amewatuma? Weka chini, weka chini! Nani amewaambia mbebe kuni?" Akamvamia Tereza, akajaribu kumtua ule mzigo, ingawa kwa ufupi wake aliufikia kwa shida. "Leteni mkeka hapa! Wageni wakae."

Tereza alitua mzigo mwenyewe. Hakukaa. "Shikamoo, Mama Chenge."

"Marahaba, ng'wanawane, mwanangu. Kaa basi."

"Sikai. Kwanza niambie tumekosa nini."

"Mmekosa nini kivipi?"

"Mmetutenga tangu tufike," Tereza alisema, na ile sauti yake ya ziwani, hata alipojaribu kuishusha, ilifika mpaka kwenye viti vya wanaume. "Filimbi inafika kwetu inanyamaza. Hatuombwi kuni. Hatuombwi maji. Kwetu kisiwani mtu anayefanyiwa hivyo ni mchawi au ni mwizi. Sisi ni wachawi, au ni wezi? Semeni, ili tujue tumebeba jina gani."

Mama Chenge alimsogelea Tereza. Mwiko ukashuka. "Kuwatenga?" alisema polepole. "Kuwatenga ninyi? Mama Rose, mimi ndiye niliyemwambia mpiga filimbi asipulize kwenu. Nilisema watu hawa wamepoteza nyumba, wamepoteza mpaka makaburi ya wazazi wao, wana haki gani ya kusumbuliwa na kuni zetu? Nilisema tuwaache wapumzike. Nilidhani... Mimi nilidhani nawaheshimu!"

"Na sisi tulidhani mnatuzika tukiwa hai," Tereza alisema.

"Mayu!" Mama Chenge alijishika kichwa, na machozi yakamtoka mwanamke yule ambaye mtaa mzima ulikuwa haujawahi kumwona akilia isipokuwa kwenye misiba yake mwenyewe. Alimkumbatia Tereza kiunoni, maana ndiko alikofikia. Wanawake wa pande zote mbili walikuwa wanafuta macho na ncha za kanga, na wengine walikuwa wanacheka humohumo ndani ya kulia, kwa jinsi upumbavu wa pande zote mbili ulivyokuwa mkubwa.

Kisha Mama Chenge akajitoa, akapangusa uso, na ulimi wake ukarudi mahali pake.

"Sawa," alisema kwa sauti ya chama. "Kama hamjatengwa, basi ninyi ni wanachama. Na kama ni wanachama, saa hizi ndiyo saa za kuleta kuni? Wenzenu wamefika tangu asubuhi! Mmechelewa. Mna faini ya kuku. Na wewe mrefu umesimama hapo ukinitazama, unafikiri huu ugali utajisonga wenyewe? Shika mwiko!"

Kigelegele kilimfika Tereza kooni. Alikiziba kwa kiganja, akakimeza, kwa sababu msibani hakipigwi. Akashika mwiko. Alisonga ugali wa Mzee Mayala kwa mikono miwili, moshi wa mtumbwi wa mumewe ukimwingia machoni, na tangu atoke Nabuhinda hakuwa amewahi kuwa na furaha namna ile. Aliona aibu kidogo kufurahi kwenye msiba wa mtu mwema hivyo, lakini aliamini Mzee Mayala, kwa jinsi alivyomjua, angemsamehe. Kuku wa faini alipelekwa jioni ileile, jogoo mwekundu aliyevuka naye ziwa, na Tereza alimkabidhi kwa mbwembwe kama mtu anayetoa mahari.

Siku ya mkutano ilipofika, uwanja wa ofisi ya mtaa ulijaa. Hellen alikuja, Pius alikuja, na kwa mara ya kwanza walikuja kwa gari moja. Mwenyekiti akaeleza jambo lenyewe: je, watu wa Nabuhinda ni wakazi wa Nyasaungu, wabaki na mifuko iunganishwe, au ni wageni wa kupita, malori yaje?

Wa kwanza kusimama alikuwa Kija, mnunuzi wa dagaa, mtu wa kujua hesabu zake. "Mimi sina ubaya na mtu," alianza, na ukisikia mtu anaanza hivyo, jishike. "Lakini vichanja vililetwa kwa ajili yetu. Tukigawana na wao, kila mmoja anapata nusu. Wapelekwe wanakopangiwa, tutawatembelea."

Watu wengine waliguna kukubali. Tereza, aliyekuwa ameketi nyuma na Rose, aliwahesabu walioguna. Mtaa ulikuwa unaweza kuangukia upande wowote.

Mama Chenge aliinuka. "Kija, kaburi la Mzee Mayala ulichimba wewe?"

"Nilichimba."

"Na nani?"

Kija alijikuna shingo. "Na vijana wetu. Na hawa... na hawa wa Nabuhinda walikuja pia."

"Uliwaambia majembe ni ya kwetu, wakichimba na wao utapata nusu ya kaburi?"

Kicheko kilichopasuka pale kiliwafukuza kunguru kwenye paa la ofisi. Hata Kija alicheka, ingawa kwa upande mmoja wa mdomo. Lakini aliyemaliza maneno hakuwa Mama Chenge. Alikuwa Dorotea, mjane wa Mzee Mayala, ambaye bado alikuwa amefunga kitambaa cheusi kichwani na ambaye hakuna aliyetegemea atasema siku hiyo. Alisimama taratibu.

"Mimi sijui mambo ya mifuko," alisema. "Ninachojua, siku niliyomzika mume wangu nilikula ugali ulioiva kwa mtumbwi wa mama huyu. Aliupasua mtumbwi wa marehemu wake ili watu wapate kula kwenye msiba wa marehemu wangu. Mgeni hafanyi hivyo. Mkileta malori kumchukua, mnipakie na mimi, nikakae naye hukohuko kwenye pamba."

Akakaa.

Mwenyekiti hakuwa na haja ya kuuliza mara mbili. "Wanaosema hawa ni wakazi wa Nyasaungu?" Sauti iliyojibu ilisikika mpaka kwenye mitumbwi. "Wanaosema siyo?" Kija alitazama kushoto, akatazama kulia, akaamua kufunga kamba ya kiatu.

Hapo Tereza hakuziba tena. Alisimama akapiga kigelegele cha kisiwani, kile kirefu kinachopanda na kushuka na kupanda tena, wenzake wakakipokea, na wanawake wa Nyasaungu wakakipokea kwa wenzake. Rose alimrukia shingoni. Pius alikuwa anapangusa miwani ambayo haikuwa na uchafu. Hellen, yule wa maneno machache, alikuwa amerusha kofia juu na sasa anaitafuta katikati ya miguu ya watu.

Malori hayakuja. Kufuli la tangi lilitolewa siku hiyohiyo, na mama wa kwanza kuchota alikuwa yule aliyewahi kurudishwa ziwani na ndoo yake, walimpisha kusudi. Fedha zilizokuwa zinunue unga zikanunua nyavu na mbao, na wanawake wa Nabuhinda wakapigilia misumari ya vichanja vipya sambamba na wanawake wa mtaa, wakigombana kuhusu urefu wa miguu ya vichanja kama watu wanaofahamiana. Watu wa uwanjani walianza kujenga kwenye mteremko wa juu, ambako maji hayafiki, na vijana wakarudishiwa goli zao. Ule mgawanyo aliouhofia Kija haukumfika. Dagaa wa Nyasaungu walikuwa wengi zaidi, weupe, bila chembe ya mchanga, na wanunuzi wakaanza kuja kutoka Nyamagana wenyewe, jambo lililompa Kija kazi mpaka akasahau alichosema mkutanoni. Mara nyingine sasa husikika akisema wazo la kuunganisha mifuko lilikuwa lake. Wanamwacha.

Na filimbi ikilia Nyasaungu leo, inapita mlangoni kwa Tereza ikipulizwa kwa nguvu kidogo kuliko kwingine, maana mpiga filimbi hataki maneno.

Mwaka jana shirika lilileta wageni, watu wa nchi za nje waliotoa fedha, kuja kuona jinsi mifuko miwili ilivyofanywa mmoja. Walikuta kazi imepamba moto, wingu likitishia upande wa Ukerewe na wanawake wote wapo kwenye vichanja wanageuza dagaa haraka. Mgeni mmoja, mama mwenye nywele nyeupe, alitaka apige picha mbili: moja ya waliopokea, moja ya waliopokelewa. Hellen alijaribu kumweleza, akashindwa, mwisho akatafsiri alivyoombwa.

"Jamani, mgeni anaomba waliohamia hapa kutoka kwingine wanyooshe mikono, awapige picha."

Wanawake wakatazamana. Tereza alikuwa anafikiria dagaa na mvua, akakawia kidogo. Mkono wa kwanza kupanda ulikuwa wa Mama Chenge.

"Mimi nimetoka Magu," alisema. "Watu wa mume wangu walipeleka ng'ombe wa mahari kwetu, wakarudi na mimi."

"Mimi Sengerema," akasema Dorotea, akanyoosha wake.

"Mimi Misungwi!"

"Mimi Geita, na njia yenyewe nilishaisahau!"

Mikono ikapanda kila upande, yenye magamba ya dagaa yanayong'aa, ya wanawake wote wa mwalo ambao hakuna hata mmoja aliyezaliwa pale, kila mmoja kaja na boksi lake la nguo kwa mume wake au na godoro lake kwenye mtumbwi, akaanza upya kwa kubeba kuni na maji mpaka akazoeleka. Mgeni akashusha kamera, akamnong'oneza Hellen. Hellen alikuwa anacheka hata akashindwa kuongea vizuri.

"Sasa anauliza, wenyeji wako wapi? Wenyeji nao wanyooshe mikono."

Hakuna aliyeshusha wake, na mkono uliokuwa juu kuliko yote ulikuwa wa Tereza.